Roboti ya AI ilibaki kwa mitingi baada ya mimi kutoka, sasa siri za watu ziko kwa imeli

Habari yako Anti,

Naandika hii saa saba usiku juu usingizi umekataa kabisa. Mimi ni mwanafunzi wa masters hapa Nairobi, mwaka wa pili, na risachi yangu ni ya kina mama ambao wamejifungua majuzi, wananiambia vile walihudumiwa hospitali na vile waliskia ndani yao. Nimeongea na kina mama kumi na wanne, wengi wa Kayole na Mathare, kila mmoja karibu saa nzima, na kuna wenye walilia na mimi nikaenda kulilia nyumbani.

Shida ilianza na kuandika. Hakuna mtu hukuambia mapema kwamba rekodi ya saa moja inaweza kukukalia siku nzima, unaskiza unarudisha, unaskiza unarudisha, mtoto analia huko nyuma, bodaboda inapita, mama anaanza na Kiswahili anaingia Kikuyu anatokea na Sheng. Nilifanya mbili kwa mkono nikashindwa. Rafiki yangu wa klasi akanionyesha apu ya AI, unaweka rekodi, dakika kidogo imekuandikia kila kitu. Nikalipia mwezi mmoja nikaapulodi zote kumi na nne. Sikusoma masharti, pahali iliandikwa kubali nikabonyeza. Halafu ikaniuliza kama naweza kuiunganisha na kalenda yangu ya Google ndio inisaidie na noti za mitingi, nikasema sawa nikasahau hiyo maneno.

Sasa Jumanne jioni tulikuwa na mitingi ya Google Meet. Mimi, supavaiza wangu, supavaiza wa pili, na dada mmoja kati ya wawili wenye hunisaidia kufikia kina mama huko mtaani. Yule dada wa pili hakuweza kuingia siku hiyo lakini imeli yake ilikuwa kwa mwaliko. Niliona jina langu mara mbili kwa skrini nikadhani ni netiweki inasumbua. Tukaongea kuhusu mama mmoja, nitamwita mama wa kumi na moja, ambaye aliniambia anatumia dawa za ARV na mzee wake hajui. Tulikuwa tunajadili kama hiyo sehemu iingie kwa kazi yangu ama iachwe. Katikati stima ikapotea kwetu, nikatoka. Dada naye akatoka. Walimu wakabaki wawili wakiongea yao, na yao ilikuwa kuhusu mwanafunzi mwingine wa idara yetu mwenye anaomba kuahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa. Wakamtaja jina na ugonjwa wenyewe.

Saa mbili usiku yule dada wa pili, mwenye hakuwa kwa mitingi, akanitumia skrini shoti kwa WhatsApp akaniuliza, hii imeli ni ya nini? Anti, kila kitu kiko hapo. Neno kwa neno, na juu kabisa kuna muhtasari umepangwa vizuri, mama wa kumi na moja yuko, ploti yake imetajwa, yule mwanafunzi yuko, na chini kuna linki ya kuskiza sauti. Imetumwa kwa wote watano tuliokuwa kwa mwaliko. Na huyo dada anakaa ploti moja na mama wa kumi na moja.

Fomu yenye kina mama walisaini, ile niliandika mimi mwenyewe na kamati ya maadili ikapitisha, inasema rekodi zitakaa kwa kompyuta yenye paswadi na zitaskizwa na timu ya utafiti peke yake. Niliwasomea hiyo sentensi kwa mdomo wangu.

Rafiki yangu ananiambia nidilit apu, nidilit akaunti, ninyamaze, ati supavaiza hawezi kusoma imeli ya roboti. Mpaka saa hii hakuna mwalimu amesema kitu. Nimemwambia yule dada ni makosa ya mtambo, akanijibu sawa. Nifanye nini? Nitafukuzwa? Na hao kina mama nitawaangalia na macho gani?

Mwenye usingizi umepotea, Nairobi

*

Mwanangu,

Nilikujibu wewe kwa imeli asubuhi ile ile, na umenikubalia niiweke hapa ndio wengine wasome, nimebadilisha vitu kadhaa ili wewe na hao kina mama msijulikane. Nataka kurudia yale nilikuambia na kuongeza mengine ambayo asubuhi ile hayakuwa na nafasi.

Usinyamaze. Mwambie supavaiza leo, na umwambie kwa simu ama uso kwa uso. Hilo ndilo jibu langu, na mengine yote ni ya kukusaidia ulifanye.

Lakini kabla hujainua simu kuna dakika kumi za kazi. Ingia kwa hiyo apu utafute rekodi ya Jumanne, kuna pahali panaonyesha ni nani anaweza kuifungua, ifanye iwe yako peke yako. Maandishi yenye yameshaingia kwa imeli za watu hayatarudi, lakini ile linki ya sauti itakufa kwa yeyote hajaifungua bado. Piga picha za skrini: ilitumwa saa ngapi, kwa nani, nini iko ndani. Halafu fungua akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, utafute orodha ya apu za nje zenye umezipa ruhusa, utoe hiyo. Kuitoa kwa simu haitoshi, watu wengi hukosea hapo, wanaondoa apu kwa simu na ile roboti inaendelea kuingia kwa mitingi yao kama kawaida juu kalenda bado imeunganishwa huko kwa seva na haijui kama simu yako iko na apu ama haina. Una mitingi ingine wiki hii? Basi toa kwanza ndio usome hii barua iliyobaki.

Kufuta, ngoja kidogo. Najua mkono unawasha. Lakini ukifuta leo peke yako, kesho chuo kikikuuliza imeli ilifika kwa nani na saa ngapi, utakuwa na maneno tu, na mtu mwenye amefuta halafu anaeleza huskizwa na sikio la mashaka hata kama nia yake ilikuwa safi. Mkishakubaliana na supavaiza na kamati, ndio unafuta: rekodi zote kumi na nne, maandishi yake, ya mitingi pia, halafu sehemu ya takataka ya hiyo apu juu nyingi huweka huko kwanza vitu vyenye umefuta, halafu akaunti yenyewe, na unaandikia kampuni ukitaka wathibitishe kwa maandishi kwamba wamefuta. Sheria inakupa msingi wa kuomba hivyo.

Kwa supavaiza, kama ulimi utakauka, mtumie ujumbe kwanza wa kuomba simu. Uandike hivi ama karibu na hivi:

Daktari, habari za asubuhi. Naomba dakika kumi za simu leo kabla ya saa sita. Apu ya AI niliyounganisha na kalenda yangu ilirekodi mitingi ya Jumanne mpaka baada ya mimi kutoka, na ikatuma maandishi kwa watu wote watano tuliokuwa kwa mwaliko. Ndani kuna habari za afya za mshiriki mmoja na za mwanafunzi mmoja. Nimefunga linki na nimeitoa apu kwa kalenda, sijafuta kitu. Pia niliweka rekodi zote 14 kwa hiyo apu kinyume na fomu ya idhini. Kosa ni langu, na naomba unielekeze nirekebishe vipi.

Usiongeze machozi hapo, wala usiweke stima, wala usimtaje rafiki yako wa klasi. Hizo utazisema ukiulizwa.

Nakuambia hivi juu nimekaa pahali umekaa. Miaka ya nyuma, kabla ya simu za siku hizi, nilikuwa naandikia watu wa risachi rekodi zao, kazi ya hedifoni na kaseti, unalipwa kwa kila kaseti. Jioni moja nikasahau kaseti tatu kwa matatu ya Buruburu, ziko kwa bahasha na majina ya watu yameandikwa nje na kalamu. Nilienda steji siku tatu mfululizo kuuliza makanga mmoja mmoja. Sikupata. Na nikanyamaza wiki mbili, nikidanganya kwamba bado naandika. Nilipokuja kusema, yule mama mwenye risachi hakunipigia kelele, aliniuliza tu swali moja: kwa hizo wiki mbili, hao watu wangejilinda vipi na kitu hawajui? Mpaka leo sina jibu lake. Kupoteza kaseti kulikuwa ajali. Zile wiki mbili zilikuwa mimi.

Wewe uko siku ya pili. Bado uko mapema sana.

Sasa tuongee sheria kidogo, kwa sababu rafiki yako anafikiri hii ni mambo ya aibu tu kati yako na walimu. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na habari za familia yake na mawasiliano yake. Halafu tuko na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Hiyo sheria imeweka hali ya afya ya mtu kwa kundi la data nyeti, na kupeleka data nyeti nje ya Kenya kunahitaji idhini ya mwenyewe na uhakika kwamba huko inaenda italindwa. Ulipoapulodi zile rekodi, sauti ya mama wa Mathare iliondoka kwa laptopu yako ikaenda kwa seva ya kampuni, na kwa apu nyingi za aina hii seva ziko ng'ambo. Uliwauliza kina mama kuhusu hiyo safari? Hapana, uliwaambia kompyuta yenye paswadi. Na data nyeti ikifika kwa mtu hakupaswa kuipata, na kuna hatari ya kweli kwa mwenyewe, aliye na jukumu la hiyo data ana saa 72 tangu ajue kuripoti kwa Kamishna. Jukumu hilo liko kwa chuo, na chuo hakiwezi kulibeba kama wewe umefunga mdomo. Na wasikudanganye kwamba hiyo ofisi imelala, mwaka wa 2023 iliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Kamati ya maadili nayo lazima iambiwe, juu ulitoka kwa ule mpango walikuidhinishia. Kuna fomu ya kuripoti mkengeuko kama huo, supavaiza anaijua. Wanaweza kusema usimamishe kwanza, wanaweza kusema baadhi ya rekodi zisitumike tena. Itauma. Kama utafukuzwa, siwezi kukuahidi chochote kwa niaba ya chuo chako, lakini kamati zipo kwa sababu risachi huharibika, na mwanafunzi mwenye amekuja mwenyewe siku ya pili na picha za skrini mkononi anashughulikiwa tofauti na mwenye amegunduliwa mwezi wa sita.

Kuhusu yule dada wa pili. Ulimwambia ni makosa ya mtambo akasema sawa. Mwanangu, huyo dada anajua kusoma. Mpigie, usimwandikie. Mwombe afute hiyo imeli, na kwa takataka ya imeli, na ile skrini shoti alikutumia kwa WhatsApp na kwa picha za simu yake, na wewe ufute upande wako ukishaihifadhi pahali salama kwa ajili ya ripoti. Usimhoji kama polisi, ati umesoma mpaka wapi, ulimwonyesha nani. Mwambie ukweli kwamba kuna habari ya mtu imefika kwake bila huyo mtu kukubali, na kwamba unamtegemea aishike kama vile angetaka yake ishikwe. Yeye ndiye alikustua, hakukaa na hiyo kitu kimya. Mheshimu kwa hilo. Na yule dada wa kwanza pia alipata imeli, yeye hakuskia habari ya yule mwanafunzi mgonjwa kwa sababu alikuwa ametoka, lakini sasa anayo, kwa hivyo mpigie naye.

Yule mwanafunzi mgonjwa, hilo si lako kumwendea. Walimu ndio walimtaja, waachie walimu wamwambie. Lako ni kuhakikisha wanajua kwamba ilitoka.

Sasa nataka nikuambie kitu kingine ambacho hukukiuliza, lakini nimekifikiria tangu nisome barua yako. Hayo maandishi ya kina mama kumi na wanne, uliyaangalia tena na rekodi? Ama uliyachukua vile yalikuja?

Nauliza kwa sababu hizi mashine haziskii kama sisi tunavyoskia. Chukua Whisper, mashine ya kampuni ya OpenAI ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ambayo ilitolewa Septemba 2022 na iko ndani ya apu nyingi za namna hii. Ilifundishwa na saa 680,000 za sauti, na kati ya hizo karibu 438,000 ni za Kiingereza, lugha zingine zote pamoja zikagawana saa zilizobaki. Sheng ya Kayole iko wapi hapo? Na huwa inaamua lugha kwa kuskiza sekunde 30 za kwanza. Kama wewe ulianza rekodi na salamu za Kiingereza, tarehe, jina la utafiti, inaweza kuamua hii ni Kiingereza, na mama akianza Kiswahili inamlazimisha aingie kwa Kiingereza, ama inamtafsiri bila kukuambia. Halafu saa! Mama anasema uchungu ulinishika saa nane usiku, sisi sote tunajua ni ile saa ya katikati ya usiku mtaa umelala, ile mashine ikitafsiri inaweza kukuandikia 8 p.m., yaani saa mbili usiku. Kwa risachi ya kujifungua hayo ni masaa sita, ni tofauti kati ya mama aliyengoja usiku mzima kwa sakafu na mama aliyehudumiwa haraka. Ama nesi amemwambia atapasuliwa, mama akajibu, sawa, nimeskia. Muhtasari wa AI unakuandikia mama alikubali. Nimeskia si nimekubali, hata mtoto wa hapa anajua hiyo, na kwa kazi yako hiyo ndiyo kazi yote.

Na kuna hii ya kunyamaza. Watafiti huko Marekani walichapisha kazi mwaka wa 2024 wakiangalia Whisper, wakapata kwamba karibu asilimia 1 ya vipande vya sauti vilikuwa na sentensi nzima ambazo hakuna mtu alisema, na karibu asilimia 38 ya hizo za kubuni zilikuwa na maneno ya madhara, kama vurugu ama mambo ya kumsingizia mtu. Ilitokea zaidi pahali mtu alikuwa amenyamaza muda mrefu. Sasa fikiria wale kina mama wenye walilia. Wamenyamaza, wanapangusa uso, na mashine inajaza.

Kwa hivyo kama kamati itakuruhusu kuendelea na hizo rekodi, yale maandishi ya apu usiyatumie kama yalivyo. Kaa na kila rekodi uskize na masikio yako mstari kwa mstari. Mimi nimefanya hiyo kazi miaka mingi na nakuambia ni pale unaporudisha mara ya tatu ndio unaskia mama alivuta pumzi kabla ya kujibu.

Sisemi utupe hizi mashine. Kuna mwanafunzi mwenye haskii vizuri anakaa mbele ya lekcha hoo na maandishi yanatokea kwa skrini ndio anafuata somo kama wenzake, huyo asinyimwe, na mwalimu mwenye anakataa kila rekodi bila kuuliza ni nani anaihitaji anamfungia huyo mlango. Lakini hapo mwalimu amejua na darasa limejua. Na kwa risachi pia kuna njia. Hiyo hiyo Whisper ni ya bure na inaweza kukaa ndani ya laptopu yako, unaipakua mara moja na baada ya hapo sauti haitoki kwa mashine yako. Kubwa yake itasumbua laptopu ya kawaida, ndogo itakosea zaidi, utachagua. Ukitaka kujua kama apu yoyote kweli inafanya kazi ndani ya mashine, zima waifai, toa bando, ujaribu na rekodi ya sauti yako mwenyewe ukisoma gazeti. Ikikataa kuandika, basi inategemea seva ya nje, hata kama tangazo lao linasema nini. Hata hivyo uiandike kwa ombi lako la maadili na kwa fomu ya kina mama, kwa Kiswahili chenye wanaelewa: sauti yako itaandikwa na mashine, mashine hiyo iko hapa kwa hii laptopu, haiendi kokote, ukitaka niandike kwa mkono nitaandika kwa mkono. Na yule mwenye anataka mkono, usimwonyeshe uso wa kuchoka.

Majina pia. Usimwite mama jina ukiwa umewasha rekoda, na faili zipe namba, M01 mpaka M14, na ile karatasi yenye inasema M11 ni nani ikae kwa kabati ya idara yenye kufuli, si kwa laptopu hiyo hiyo. Ukirekodi na simu, angalia kama inapeleka bekapu yake mtandaoni kila usiku bila wewe kujua, na uhamishe rekodi siku hiyo hiyo, maana simu ya Nairobi inaweza kunyakuliwa kwa dirisha la matatu kabla hujafika nyumbani.

Na kwa mitingi, mwenye ameitisha mitingi ana uwezo wa kukataa roboti ama kuitoa, iwe ni Zoom au Google Meet. Mwambie supavaiza aifanye desturi: tukianza tunahesabu majina, jina lisilo na mtu nyuma yake linatolewa. Siku hizi unaingia mitingi ya watu wanne unapata majina saba, na kila mtu anadhani ile roboti ni ya mwingine na amekubaliwa na mwingine. Mimi huwa nauliza kwa sauti kabla hatujaanza. Watu huona kama nachelewesha, lakini nauliza.

Nimebakisha kina mama.

Wataambiwa, na wataambiwa na wewe, baada ya kamati kukupa njia. Usitume SMS wala WhatsApp. Simu nyingi za nyumbani zinashikwa na watu wawili watatu, na ujumbe wa kusema habari yako ya siri imetoka unaweza kuwa ndio unaitoa. Nenda kwa miguu. Mweleze kwa lugha yake kile ulimwahidi, kile ulifanya, sauti yake ilienda wapi, imefutwa ama bado, na kwamba anaweza kujitoa leo hii bila kueleza sababu, na rekodi yake ifutwe akiona. Halafu unyamaze umwache aseme. Kuna mwenye atakuambia haina shida mwanangu, kuna mwenye atakukasirikia, na yule wa hasira ana haki yote, usianze kumwelezea jinsi dedilaini ilikubana.

M11 ndiye wa kwanza, na huyo muulize supavaiza kama mnaweza kumfikia kabla hata kamati haijakaa, maana kwake hatari inatembea kwa ngazi za ploti yake. Nenda asubuhi, mzee wake akiwa ameenda job, na uende peke yako ama na yule dada wa kwanza aliyekupeleka kwake, si yule jirani. Mwambie ni nani amesoma. Mtaje, kwa sababu ni yeye anaishi naye mlango kwa mlango na ni yeye anajua kama huyo ni mtu wa kunyamaza. Muulize anahitaji nini ili awe salama, kama kuna mtu wa kliniki anamwamini mnaweza kuongea naye pamoja, na uandike chenye amesema na kalamu, kwa karatasi, bila jina lake.